Gamba la Pili

Hebu nijibu wewe uliyekaa hapo: ukiwekewa mnofu uliokwisha kuiva, umelowa tui na bizari, utamjuaje mnyama aliyekuwa nao? Utatazama rangi? Utaonja? Haya, na ukishaonja?

Sajenti Mselem alilifikiria swali hilo njia nzima kutoka Amu, yaani Lamu, akashuka nalo kisiwani Pate asubuhi ya Alhamisi, mwaka wa hamsini na tano, kaptura imemlowa na viatu amevining'iniza shingoni. Alifika na maji ya mwisho. Nyuma yake mashua ilikuwa imeshalala ubavu kwenye tope, na nahodha ameshajifunika kilemba usoni. Pate ndivyo ilivyo, maji yakitoka hakuna chombo kinachotoka.

"Alasiri yatajaa," nahodha alisema chini ya kilemba. "Mlete mtu wako, twende zetu."

Mtu wake alikuwa mwanamke, Rahima, mke mdogo wa Bwana Husein. Amri ya kutoka Amu ilikuwa fupi: akamatwe, apelekwe mbele ya hakimu kwa tuhuma ya kuwatilia watu sumu. Kuchunguza hakuagizwa. Lakini Mselem hakuzoea kukaa bure, na tena alikuwa na ada moja iliyowakera watu: kuuliza jambo lile lile mara mbili, mara ya pili kana kwamba jibu la kwanza limemtoka kichwani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumatatu mchana, nyumba ya Bwana Husein walikula kasa. Visiwani huko wako wamlao kasa na wako wasiomla, na nyumba ile walikuwa walaji. Zamu ya jikoni ilikuwa ya Rahima. Kufika magharibi midomo ikaanza kuwawaka kama waliotafuna pilipili mbichi, koo zikafunga, wakawa kutapika na kusinzia, kutapika na kusinzia. Jumanne Mzee Ridhwani, babake Husein, akafariki. Husein alikuwa hoi. Mke mkubwa, Alawiya, alikuwa hoi. Mtoto mchanga wa Alawiya, ambaye hata arubaini yake ilikuwa bado, naye alikuwa akilia sauti ya paka. Rahima peke yake alikuwa mzima, hana hata kikohozi.

Mselem alianzia kwa mjane wa marehemu, Bi Mwanaarabu. Alikuwa ndani ya eda, basi Sajenti akawekewa kigoda nje ya pazia, akazungumza na kitambaa.

"Bi Mwanaarabu, Mungu akupe subira."

"Amin, mwanangu. Ushamfunga?"

"Bado. Maji hayajajaa."

"Mwangoja mai! Akitoroka je?"

"Atatorokea wapi, Bi? Mji wote umezungukwa na tope. Na wewe, unaendeleaje? Ulikula?"

"Nilionja kidogo, mimi na meno yangu haya. Ulimi umenichubuka tu. Alokula ni marehemu. Akipenda kasa kuliko alivyonipenda mimi, Mungu amrehemu."

"Nyama ilitoka kwa nani?"

"Kwa Obeid mvuvi. Na kabla hukuniuliza, nakwambia: nti yote ilikula kasa wa Obeid siku hiyo. Zunguka uwaulize, yuko aloumwa hata na kitwa? Sasa niambie wewe mwenye kofia ya serikali, sumu ilitoka kwa Obeid au ilitoka jikoni mwangu?"

Mselem akaendelea na lake. "Mtoto hali nyama," alisema.

"Hali! Ndiyo maana nikasema! Rahima ndiye alomkanda mafuta ile jioni, kwa kuwa mamake alikuwa hajiwezi. Usiku ule ule mtoto akaanza."

"Alianza kabla ya mamake, au mamake alitangulia?"

"Mamake alitangulia."

"Na alikuwa akinyonya?"

"Mtoto atawata ziwa kwa kuwa mamake yuwatapika? Alinyonya, ndiyo."

"Na Rahima, alipoulizwa kwa nini hakula, alisemaje?"

"Ati ameshiba." Kitambaa kilitikisika. "Adhuhuri, mtu yuko jikoni tangu asubuhi, ameshiba. Ameshiba nini, moshi?"

"Naomba kuona jiko, Bi."

"Jiko kaone. Vyumbani usipite, mna wagonjwa."

Uani, kuku walikuwa wakinywa maji kwenye gamba kubwa lililopinduliwa. Mselem akawafukuza, akamwaga maji, akaligeuza gamba mgongo juu, akachuchumaa.

Alikuwa na dhana yake tangu Amu. Wenyeji wa bahari ile wanamjua kasa wa kuliwa, na wanamjua ndugu yake, ng'amba, ambaye gamba lake huuzwa kwa kutengenezea vitana na vikuku, na nyama yake hutupwa, maana imewahi kuua watu. Na kila mtoto huambiwa jinsi ya kuwatenga: vigae vya mgongo wa ng'amba hupandana, kimoja juu ya kingine, kama makuti ya paa. Vya kasa hulala ubavu kwa ubavu kama sakafu. Mselem alipitisha ukucha juu ya gamba lile toka shingoni hadi mkiani. Ukucha haukukwama popote. Vigae vilikuwa vimelala sambamba, butu, vimefifia rangi, vimejaa makovu ya makombe yaliyowahi kugandia. Sakafu tupu.

"Kasa," alisema, akawarudishia kuku maji yao. Dhana ikafa pale.

Jikoni alikuta chupa ya mafuta ya kumkandia mtoto. Akayanusa, akajipaka mdomoni, akailamba midomo. Akaitia chupa mfukoni. Kisha pembeni, juu ya kinu kilichopinduliwa, akaona kawa. Akalifunua. Chini yake mlikuwa na kisahani cha tende zilizokauka, sisimizi wamezizingira, na kata ya maji yaliyoingia vumbi. Vilitayarishwa vizuri, vikafunikwa, wala mtu hakuvigusa. Akalirudisha kawa kama lilivyokuwa.

Rahima hakuwa amewekwa nyumbani kwa mumewe. Watu walihofia asije akadhuriwa, wakampeleka nyumbani kwa Mwalimu Muhdhar, mwalimu wa skuli, akae na Bi Hadia, mke wa mwalimu. Askari wa hapo Pate alikuwa amekaa mlangoni akimenya chungwa. Ndani, Rahima alikuwa ameketi kwenye mkeka, buibui mwilini, tayari kwa safari. Alikuwa kijana, uso mrefu, mikono ameipakata.

"Jumatatu ulikula nini, Bi Rahima?" Mselem aliuliza.

"Nilisema nimeshiba."

"Sikuuliza ulisema nini."

Rahima aliendelea kuutazama mkeka.

"Zile tende chini ya kawa ni za nani?"

Rahima aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Ni zangu."

"Na maji?"

"Na mai."

"Ulikuwa umefunga."

Bi Hadia alipiga mapaja. "Sunna ya Jumatatu! Sasa mwanangu, hilo nalo la kufichwa? Watu wanataka kukutia kamba ya shingo, na wewe umekaa na saumu yako kama mwizi na kuku!"

"Mumewe alijua?" Mselem alimuuliza Rahima.

"Hakujua."

Bi Hadia akashusha mikono. Mke kufunga sunna mume yuko nyumbani, bila idhini yake, si jambo dogo, na wote watatu mle ndani walilijua hilo.

"Kwa nini ulimficha?"

Rahima alifumbua mdomo, akautazama mlango, akaufumba. "Nilikuwa na dua yangu."

"Dua ya nini?"

"Yangu."

"Hakimu atakuuliza, na atakuuliza kwa ukali."

"Na yeye nitamwambia ni yangu."

Mselem akatoka akakaa kwenye baraza. Saumu ilieleza kwa nini mke huyu hakula. Haikueleza wengine walikula nini. Tena mwenye kufunga anaweza kutia sumu vile vile, na hakimu angelisema hilo kabla ya kumaliza kuvaa miwani yake. Alijigusa midomo. Haikuwasha. Mafuta yalikuwa mafuta.

Adhuhuri Mwalimu Muhdhar alirudi kutoka skuli, mtu mnene mwenye jasho jingi na kanzu yenye chaki. Kabati lake la sebuleni lilikuwa limejaa maganda ya kombe, mifupa ya ndege na ngozi za nyoka, vitu vya kuwasomeshea watoto. Bi Hadia aliliita kaburi. Mselem alimweleza habari ya gamba, jinsi alivyolipima kwa ukucha.

"Umetazama mgongo tu?" Mwalimu aliuliza.

"Nilikuwa nitazame nini?"

"Kichwa."

"Kichwa cha kasa wa Jumatatu, leo Alhamisi? Kimeshaliwa na kunguru."

"Kwa mvuvi mwingine, sawa. Kwa Obeid hakitupwi. Nawa mikono kwanza ule, halafu twende."

Obeid alikaa nje ya ukuta wa mji, nyumba ya makuti yenye ua wa vigingi. Alivua kwa taza, yule samaki mwenye kinato kichwani: humfunga kamba ya mkiani, humwachia baharini, taza huenda akamnata kasa mgongoni, na hapo mvuvi huvuta wote wawili. Ni kazi aliyorithi kwa babake, na pamoja nayo alirithi ada. Kila kasa aliyeletwa na taza, kichwa chake huchomekwa kwenye kigingi cha ua, kwa heshima. Ua mzima ulikuwa vichwa, vingine vimekwisha kuwa mfupa mweupe.

"Ukikitupa, taza hususa," Obeid alieleza, akifuta kisu. "Humtuma, yeye azunguka azunguka, arudi chini ya mashua. Kama mke alonyimwa nguo ya Idi."

"Jumatatu alisusa?" Mselem aliuliza.

"Jumatatu! Alhamdulillahi. Kasa wa Jumatatu nti nzima imekula."

"Alikuwa kasa mmoja?"

"Kasa wa Jumatatu, nakwambia. Mnono."

Mselem alikuwa akitazama chini ya kibanda. Gamba lilikuwa limeegemezwa pale, bado lina harufu, limekwanguliwa karibuni. "Lile la nani?"

"La yeye huyo."

"Na lile wanalonyweshea kuku kwa Bwana Husein?"

"La yeye vile..." Obeid akakwama.

"Kasa wako alivaa kanzu mbili?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika kigingi. Obeid naye akacheka, akajikuna ndevu. "Walikuwa wawili, basi. Wote alfajiri moja. Hukuniuliza."

"Nimekuuliza. Nani alikula yupi?"

"Wa kwanza nilimkata kata nikamuuza hapa, kila mtu na fungu lake. Wa pili Bwana Husein alimtaka mzima, ati kwa karamu ya arubaini ya mtoto. Wakapika kidogo siku ile, nyingine wakaitia chumvi."

"Na ile ya chumvi?"

"Waliitupa baharini walipoanza kuugua. Mimi mwenyewe yule wa pili sikumlamba hata ukucha."

Mselem akaitikia kwa kichwa taratibu. Siku nne mji mzima umekuwa ukisema: sote tulikula kasa wa Obeid, mbona hatukuumwa? Na kumbe hawakuwa wamekula mnyama mmoja na nyumba ile. "Vichwa vya Jumatatu ni vipi?"

Vilikuwa viwili vya mwisho, karibu na lango, sisimizi wakipanda na kushuka. Mwalimu alivipuliza, akavitoa vigingini, akaviweka juu ya gunia bega kwa bega.

"Sajenti, sahau mgongo. Niambie unachokiona."

Mselem aliinama. "Huyu ana pua fupi, butu. Kati ya macho, hapa mbele, ana magamba marefu mawili tu, jozi moja." Akahamia kwa wa pili. Akakigeuza huku na huku. "Huyu uso mwembamba. Mdomo umepinda kama wa kasuku. Na hapa mbele jozi ni mbili."

"Wa kwanza ni kasa," Mwalimu alisema. "Wa pili ni ng'amba."

"Ng'amba!" Obeid aliruka. "Mwalimu, niwata! Ng'amba namjua tangu nanyonya. Vigae vyake hupandana! Ningalimjua, ningalimpa Husein na gamba lake, wakanyweshee kuku? Ng'amba, mali ile? Mimi ni punguani?"

"Hilo ni ushahidi wako, Bwana Obeid," Mselem alisema, "na nitaliandika. Mtu hatupi mali akijua ni mali. Lakini Mwalimu, gamba nimelipima mwenyewe. Vigae havipandani."

"Kwa kuwa ni mzee. Ng'amba akizeeka sana, kupandana kule hupungua. Vigae husagika miambani, hulala sambamba, rangi hufa, makombe hugandia. Ndiye yule yule aliyekuwa kijana na vigae vyake vya makuti."

"Basi alama tuliyofundishwa ni ya uongo?"

"Si ya uongo. Ni ya wengi, si ya wote. Aina ya wanyama ni kama ukoo, humtambui mtu wake kwa pua peke yake. Bwana Obeid hapa ana watoto, mmoja mrefu kama mnazi, mmoja mfupi, mmoja ana macho ya paka. Utasema yule wa macho ya paka si wake?"

"Kamuulize mamake," Obeid alisema, lakini hakucheka.

"Utatazama na uso, na miguu, na mdomo, ndipo useme huyu ni wa fulani. Nyinyi mmejifunza mgongo kwa sababu mgongo ndio unaonunuliwa. Uso wa ng'amba hauna mnunuzi, basi hakuna aliyeusoma. Ng'amba mwenye gamba lisilofaa kitu, kwenu si ng'amba."

Obeid aliketi chini kando ya gunia. "Babangu mwaka wa ndaa alitulisha ng'amba," alisema pole pole. "Tulikula. Hakufa mtu."

"Hilo nalo kweli. Mmoja ana sumu na mwenziwe hana, na kwa macho ni ndugu. Wanasema ni kwa vile wanavyokula huko miambani. Ndiyo maana wakubwa wakasema msile kabisa."

"Basi mimi nimemuua Mzee Ridhwani?"

"Hukumtazama usoni mnyama wako," Mselem alisema. "Hivyo ndivyo nitakavyoandika, wala sitaongeza. Lete kikapu. Utakuja nasi, useme mwenyewe habari ya wale wawili."

Walipofika kwa Bwana Husein maji yalikuwa yameanza kuyalamba matope. Mselem alimtuma askari akamlete Rahima, na Bi Hadia akaja naye. Husein aliletwa ukumbini akaegemezwa kwenye mto, midomo yake imechubuka mpaka damu. Nyuma ya pazia mlisikika pumzi za Bi Mwanaarabu. Mselem aliweka gamba la kuku sakafuni, akaviweka vichwa viwili juu yake, akamwambia Obeid aseme. Obeid alisema yote, macho chini. Kisha Mselem akaeleza vile vichwa, jozi moja na jozi mbili, na kwa nini mji ulikula ukapona, na kwamba Rahima hakula kwa kuwa alifunga sunna ya Jumatatu.

"Nimesikia," Bi Mwanaarabu alisema. "Na mtoto? Mtoto hakula kasa wala ng'amba."

"Jibu ulinipa wewe asubuhi, Bi. Ulisema hakuacha ziwa, na mamake ameshaanza kuugua. Alichokula mama kilimfikia mwana kwa maziwa." Akatoa chupa mfukoni. "Mafuta haya nimeyapaka midomoni tangu asubuhi, nimeyalamba, na mdomo wangu ni huu. Ni ya nazi. Mtoto mpeni maziwa ya mbuzi, leo hii, wala asinyonyeshwe mpaka mamake apone kabisa."

Nyuma ya pazia pakawa na mchakacho wa miguu, sauti ikaagiza mbuzi wa jirani akamuliwe. Kisha Bi Mwanaarabu akarudi pale pale.

"Rahima, mwanangu, tumekudhulumu," alisema. "Mimi ndiye nilokutaja. Nisamehe. Vua buibui, uingie ndani. Funguo za ghala nitakupa wewe."

"Na kufunga kwako bila ya idhini," Husein alisema kwa taabu, akiangalia dari, "nimekusamehe."

"Mambo yamekwisha, alhamdulillahi," akasema Mwalimu, na Bi Hadia akaanza kumfungua Rahima ukaya wa kichwani.

Rahima akaushika mkono wa Bi Hadia, akauzuia.

Mselem alikuwa ameshakivuta kikapu avirudishe vichwa. Aliona mkono ule. Akakumbuka asubuhi, mdomo uliofumbuka ukafumbwa, macho yaliyotazama mlango. Mke anayetuhumiwa kumtilia mumewe sumu yapo maneno asiyoweza kuyasema, maana yangalikuwa kamba yake. Lakini sasa vichwa vilikuwa vimekaa juu ya gamba, na kila mtu alikuwa ameviona.

"Bi Rahima," alisema, kana kwamba amesahau, "ulinambia ile dua yako ilikuwa ya nini?"

"Sikukwambia."

"Ee, kweli. Ilikuwa ya nini?"

Rahima alimtazama mumewe, kisha pazia, kisha mumewe tena.

"Nilikuwa namuomba Mungu, Bwana Husein aniwate," alisema. "Anipe talaka yangu, nende kwetu Kiunga."